Ng'ombe wa Ritha Hawajakauka

Ilongero, 9 Juni

Shemeji Veronika, shikamoo.

Simu yangu imekufa, ndiyo maana naandika. Alizeti tumevuna kiasi. Mgongo unauma, na tangu tumzike mdogo wako Klara sijalala vizuri.

Mwanetu Ritha anakula. Jioni namfundisha kufinyanga ng'ombe kwa udongo wa kichuguu, pembe tunachomeka miiba. Sasa ana dume mmoja na majike wanne. Mikono yangu ni mizito, wangu wanafanana na nguruwe, naye ananicheka.

Nilimwambia, "Hawa wakikauka, mama mkubwa atakuja kukuchukua, ukakae naye Itigi." Nilidhani siku tatu zinatosha. Hii ni wiki ya pili. Juzi nikamkuta anawanyunyizia maji ya kikombe, mmoja mmoja, taratibu.

Ulichosema msibani ni kweli, shemeji. Mtoto wa miaka minne anahitaji mama, na mimi nimechoka. Sibishi.

Ila leo mchana alipitiwa na usingizi, jua kali, na wale ng'ombe wakaanza kukauka. Nikachukua kikombe, nikawanyunyizia mimi.

Shemeji yako,
Emilian