Mimba Nisiyo Nayo

Jumanne, 8 Julai

Nimemeza vidonge vyangu vya foliki, nimekunywa maji mpaka tumbo limejaa, nimevaa masweta mawili na soksi za shangazi. Baridi ya Mbinga mwezi huu haina adabu. Kwetu Liuli, ziwani, saa hizi watu wamevaa kanga tu.

Kibarua ni kilekile. Kahawa iliyomenywa na kulala kwenye matangi inaoshwa mferejini, kisha inaanikwa na kuchambuliwa mezani. Mezani unakaa juani. Mferejini unasimama peku kwenye maji ya mlimani, kwa zamu. Yangu haijafika. Sijamwambia mtu kwamba nina selimundu, ugonjwa wa damu ambao baridi huamsha maumivu yake. Nilisema nilipoomba kazi hotelini, nikasema na kwenye duka la dawa za mifugo. Kote waliahidi kunipigia simu. Anayenipigia ni shangazi tu, ninayeishi kwake.

Alhamisi, 10 Julai

Zamu yangu ya maji. Nilivua viatu, nikavaa tena. Mama Eda, mkubwa wa wanawake wa mezani, alikuwa ananitazama: masweta, chupa ya maji, safari za chooni. Akanishika mkono, akaniketisha, akamwita Stella, kibarua mwenzetu, aingie badala yangu. Akaninong'oneza, "Mwenye mimba haingii maji ya baridi, mwanangu. Ungesema."

Sikumsahihisha. Nikaanza kuchambua. Nimeshinda juani. Najiona mwizi, na mwili umefurahi.

Jumamosi, 12 Julai

Habari imeenea. Nimeletewa udongo wa kula, eti nisione aibu. Nimeutafuna wakiniangalia. Una ladha ya ukuta. Wanabishana kama ni wa kike. Baba wa mtoto nimemweka Liuli, kwa sababu sikuwa na pengine pa kumweka.

Nacheka nikiandika, lakini si kichekesho. Stella ameingia mferejini kwa zamu yake na kwa yangu. Anakohoa.

Jumanne, 15 Julai

Msimamizi ametangaza kwamba msimu ukiisha atabakiza mchambuzi mmoja ghalani. Mwaka mzima. Ndani, kwenye kiti, bila maji. Naitaka kazi hiyo mpaka naogopa. Mama Eda amenipendekeza, kasema nina jicho la kuona punje mbovu. Kweli ninalo.

Jioni magoti yameanza kuuma. Shangazi amenikanda kwa maji ya moto. Uvumi wa mimba umemfikia; akaniuliza ikifika Februari nitajifungua nini.

Ijumaa, 18 Julai

Msimamizi ameniita ofisini. Alikuwa anatabasamu. Akanipa hongera, akasema haoni shida: nitakwenda kujifungua, Stella atanishikia nafasi, nitarudi. Kazi ilikuwa yangu. Ilibaki kusema asante na kutoka.

Nikasema, "Sina mimba. Nina selimundu. Walikosea, nami nikanyamaza."

Sijui vizuri kwa nini. Nadhani nilichoka kumlea mtoto ambaye hayupo.

Hakukasirika, afadhali angekasirika. Aliuliza kama inapona. Nikasema natumia dawa, nafanya kazi, maumivu yakizidi nalala siku kadhaa kisha narudi. Akaangalia dirishani. "Mimba ina mwisho, binti. Hiyo yako haina."

Kazi kapewa Stella. Mimi nikitaka nibaki kibarua, kwa zamu kama wengine. Zamu ya maji Jumatatu. Namchukia msimamizi. Namchukia na Stella, ambaye hana kosa lolote. Nimelia njia nzima, mpaka mwenye bodaboda kaniuliza tumefiwa na nani.

Jumapili, 20 Julai

Sikwenda misa. Magoti.

Mama Eda amekuja baada ya misa ya pili. Msimamizi keshawaambia wote, kwa hiyo nilijiandaa kutukanwa. Nilimwamkia, akaitikia, akakaa. Shangazi akaleta chai, akatuacha.

Kisha akasema kabla ya Eda alikuwa na mtoto mwingine, wa kiume. Macho yake yalikuwa ya manjano kama yangu. Kila baridi ikija alilia miguu. Walimchanja chale, wakamwombea, akafa kabla hajaanza shule. Hakuna aliyewaambia ni ugonjwa gani. Mimi aliniona macho tangu siku ya kwanza, akaogopa. Akaona heri iwe mimba.

Akaniomba nimtajie jina la ule ugonjwa. Nikamtajia. Alilirudia polepole, akakosea, akalirudia tena mpaka likakaa.

Nilimwomba radhi. Akasema nimwombe Stella. Nitamwomba.

Alipokuwa anavaa kandambili akasema, "Kesho zamu yako ya maji naingia mimi."

Nilitaka kukataa, sikukataa. Nimemsindikiza mpaka barabarani. Tulikwenda taratibu, kwa ajili ya magoti yangu na yake.