Bibi Alisema Anaumwa, Binti Yangu Akamjibu "Vizuri Sana"

Mpendwa mshauri Bi. Marsela,

Mimi huku Karatu ni mzima kabisa wa afya, hofu yangu ni kwako na wote mnaofanya kazi hapo gazetini. Baada ya salamu, naomba unisaidie, maana nimebeba jambo ambalo siwezi kulitua kwa mtu yeyote hapa ninapoishi, si kwa wenzangu wa jumuiya, si kwa padri, na mume wangu ndiyo kabisa. Utanisamehe mwandiko, mimi niliishia darasa la nne.

Nina binti yangu wa kwanza anaitwa Penina, ana miaka ishirini na sita, ni dereva na mwongoza watalii, na kazi hiyo hakupewa na mtu, alianza kwa kuosha magari ya watalii pale barabara kuu, wanaume wanamcheka, wanamwambia dada hilo tairi utalifungua na kijiko, na yeye anacheka nao huku tairi linatoka. Basi mwaka jana kampuni moja, jina naliacha, ikawa inatafuta mtu anayejua Kihispania kwa sababu ilianza kupata wageni wengi wa huko, Penina akaja nyumbani uso umekunjamana, akasema, "Mama, nafasi ndiyo hiyo, ila mimi Kihispania najua ola tu, yaani jambo." Nilichomjibu hapo nakiacha kwanza, nitakirudia, kwa sababu ndicho kinachonichoma.

Akaanza kujifunza kwenye simu, yale masomo ya watu wanaoanza kabisa, akawa ananakili kwenye daftari kwa namna yanavyotamkwa, kwa herufi zetu za Kiswahili, ili mimi nimshikie daftari nimuulize. Ilikuwa wakati wa kuvuna ngwara, yale maharage yetu ya huku, tunakaa uani tunapepeta, mimi nauliza yeye anajibu. Habari za asubuhi? Buenos dias. Asante? Grasias. Polepole? Despasio. Simba? Leon. Choo kiko wapi? Donde esta el banyo. Nikajikuta na mimi yananiingia, nikawa nikienda kukamua namwambia ng'ombe buenos dias, jirani yangu Germana akasema Mama Penina sasa tumpeleke wapi, tukacheka, mshauri, siku hizo tulicheka sana.

Sasa sikiliza. Kwenye ukurasa wa kwanza kulikuwa na komo esta, maana yake habari yako, na chini yake majibu mawili, bien ni nzuri na mal ni vibaya. Penina akaikata ile mal kwa kalamu. "Hiyo usiniulize mama, nani anasalimiwa na mgeni halafu anajibu vibaya?" Nikaona ni kweli, kwetu hapa hata mtu awe amelala na homa ukimuuliza habari za leo atasema nzuri, kisha ndiyo atakuambia ila sijala tangu juzi. Na ukurasa wa mwisho ulikuwa wa magonjwa, naumwa, naumwa hapa, sipumui vizuri, naomba daktari, na huo nao aliunakili tu, kujifunza akauruka. "Watalii hawaji kuumwa mama, wanakuja kuona simba." Lakini mimi niliusoma nikiwa peke yangu, nimelea watoto watano, ukurasa wa magonjwa ndio ulioniingia upesi kuliko yote.

Mwezi uliopita akapewa watu wanne, bibi na babu na wajukuu wao wawili wakubwa. Wajukuu walijua Kiingereza, kwa hiyo siku za mwanzo mambo yalikwenda, Penina anatoa salamu na majina ya wanyama kwa Kihispania, mengine yote wale wajukuu wanatafsiri. Siku ya nne wajukuu wakachukuliwa na gari jingine kwenda mlima Olmoti kutembea kwa miguu na askari wa hifadhi, Penina akashuka kreta, lile bonde kubwa la wanyama, na wale wazee peke yao. Jioni ile ile kule lojini yule bibi alianguka kabla ya chakula, wakasema ni moyo, akakimbizwa hospitali na kesho yake akaondoka kwa ndege. Tumeambiwa yuko hai, amefanyiwa upasuaji huko kwao, namshukuru Mungu usiku na mchana.

Penina alikuja nyumbani baada ya siku mbili, ana huzuni, nikampa uji, akaanza kunisimulia, na mazungumzo yale nayakumbuka neno kwa neno.

"Mama, yule bibi wa watu nilimjali kweli. Tangu saa nne asubuhi kila tukisimama namgeukia, namwambia komo esta, senyora."

"Akawa anasemaje?"

"Anajibu mal, mal, sauti ya chini tu. Namwambia mui bien, vizuri sana, naendelea na gari."

"Penina, mal?"

"Si salamu tu mama! Wewe ukiulizwa habari unajibuje? Halafu tulipofika pale kwenye bwawa la viboko hakula chakula chake, akajiwekea mkono kifuani hivi, akasema me duele, me duele aki. Nikajua ananishukuru kutoka moyoni. Na mimi nikaweka mkono wangu hivi."

Akanionyesha, mshauri, akaweka mkono kifuani na akatabasamu, na machozi yalikuwa yanamtoka kwa sababu alimpenda yule bibi.

Me duele ni naumwa. Me duele aki ni naumwa hapa. Iko kwenye ukurasa wa mwisho, mstari wa pili, kwa mwandiko wake mwenyewe.

Nikamuuliza na yule babu alikuwa wapi, akasema babu alisimama kichwa nje ya paa la gari muda wote anapiga picha za faru. Basi mimi nikainuka nikasema naenda kuangalia moto, nikakaa jikoni nimeshika mwiko, sikumwambia kitu. Na mpaka leo sijamwambia. Lile daftari nililitoa kwenye meza nikalificha chini ya gunia la mahindi, kana kwamba nikilificha na yale maneno yatakuwa hayakusemwa.

Na sasa linakuja lingine. Wale wajukuu waliandika ujumbe kwa kampuni kumsifu Penina, kwamba ana moyo na tabasamu, bosi amefurahi, na sasa Jumamosi ya wiki ijayo amempa kuongoza wazee kumi na wawili wa parokia moja ya huko Hispania, magari mawili, siku sita, kreta na Ziwa Eyasi, na hakuna hata mmoja anayejua Kiingereza, ndiyo maana wakamtaka yeye. Mdogo kuliko wote ana miaka sitini na tatu. Penina anaimba. Ananiambia, "Mama, sasa nimefika." Baba yake yuko Mang'ola kwenye vitunguu, huko kila lori linalopakia analitangazia kwamba binti yangu anaongea lugha nne, juzi amenipigia simu akasema, "Mama Penina, mwambie aniongeleshe kidogo hicho Kihispania, hawa wapakiaji hawaamini."

Sasa narudi kwenye kile nilichokiacha. Siku ile Penina aliposema najua ola tu, mimi ndiye niliyemwambia, "Wewe sema unakijua. Nani atakupima? Mengine utajifunza njiani." Yeye alisita. Alisema mama, siyo uongo huo? Nikamwambia uongo ni wa kuiba, huu ni wa kutafuta kazi. Maneno hayo yalitoka kwenye mdomo huu ninaokwenda nao kupokea komunyo.

Nikimwambia alichosema yule bibi, nitamvunja mwanangu na hatashika usukani tena, namjua, ni mtu wa kubeba mambo moyoni. Nikinyamaza, Jumamosi anapanda na wazee kumi na wawili kule juu kwenye baridi na mmoja wao akishika kifua yeye atamshukuru. Siku nne sasa chakula hakipiti. Mshauri, nifanyeje? Niseme au nimwachie Mungu?

Ni mimi, Mama Penina, Karatu.

MSHAURI ANAJIBU

Mama Penina, pole. Majina yote nimeyabadilisha, hata la jirani yako, na la ng'ombe ningelibadilisha kama ungelitaja, na barua yako nimeipitisha mbele ya nyingine kwa sababu ya hiyo Jumamosi. Wewe ni mama mwenye upendo na akili nyingi kuliko unavyojihesabia. Na sasa kaa vizuri, nikugombeze.

Unaniuliza useme au umwachie Mungu. Mungu ameshafanya sehemu yake: amekupa wewe, mwanamke wa darasa la nne, uupende ukurasa ambao msomi wa nyumba aliuruka. Ukalichukua daftari ukalificha chini ya mahindi! Mama, katika nyumba nzima, katika kampuni nzima, mtu pekee anayejua kilichotokea ndani ya lile gari ni wewe. Ukinyamaza, hujamlinda Penina. Umempeleka kreta akiwa amefumba macho, na nyuma yake wamekaa wazee kumi na wawili.

Unaogopa atavunjika. Ataumia, ndiyo, sitakudanganya. Atalia, pengine atakukasirikia siku mbili tatu. Lakini fikiria akija kuujua ukweli huo Jumatatu, kule chini, mzee amelala kwenye kiti na simu haishiki mtandao, halafu siku moja alikute hilo daftari na agundue kwamba mama yake alijua. Hapo ndipo atakapovunjika, na hutaweza kumwunga.

Mwambie ukweli wote, siyo kipande. Ugonjwa hakuuleta Penina, yule bibi alipanda ndege akiwa nao. Lakini tangu saa nne asubuhi mpaka jioni alipoanguka, yule bibi alikuwa anaomba msaada, na huo muda ulipotea. Hayo mawili yote ni kweli, na mtu mzima anaweza kuyabeba yote mawili. Binti anayefungua tairi huku wanaume wanamcheka ni mtu mzima.

Umwambie na la kwako. Anza nalo, kabla ya la bibi. Sema hivi, usizunguke: "Mwanangu, mimi ndiye niliyekutuma useme unajua usichokijua, na wewe ulisita." Usimwachie abebe peke yake mzigo ambao uliufunga wewe. Na hiyo habari ya uongo wa kutafuta kazi, tafadhali, usiwafundishe na hao wanne waliobaki.

Mtie moyo, lakini usimpambe. Kujifunza salamu za watu ni jambo zuri, na wageni wanafurahi. Kosa lake halikuwa uchache wa maneno. Alikuwa anauliza swali huku ameshaamua jibu. Kwetu habari ni nzuri hata kama nyumba inaungua. Wenzetu wa huko, hasa wazee walio mbali na kwao, ukiwauliza wanaweza kukujibu kweli. Anayeuliza lazima angoje ajibiwe, na amtazame usoni anayejibu.

Sasa kazi. Gazeti hili linatoka Jumatano. Leo hii toa daftari chini ya gunia. Penina akirudi kutoka kazini, keti naye uani, hapo hapo mlipopepetea ngwara, simu zenu zizimwe. Kesho Alhamisi asubuhi aende kwa bosi wake kwa miguu yake mwenyewe, asitume ujumbe, aseme: Kihispania changu ni cha salamu na wanyama, naomba Jumamosi awepo mtu anayekijua kweli, mimi niendeshe gari la pili. Na amweleze habari ya yule bibi kama ilivyokuwa. Familia yake ina haki ya kujua, na bosi ndiye anayepaswa kuwaandikia. Anaweza kupoteza nafasi ile ya mbele. Anaweza kupoteza kazi. Bosi mwenye akili atamthamini dereva aliyesema kabla ya ajali badala ya baada yake, lakini hata akiwa hana akili, Penina aende.

Akikubaliwa gari la pili, basi siku mbili zilizobaki ni za ukurasa wa mwisho. Mshikie daftari umuulize kama zamani, simba na tembo waache, wanajulikana. Naumwa. Naumwa hapa. Sipumui vizuri. Naomba daktari. Na ile mal aliyoikata, airudishe kwa mkono wake, aizungushie duara. Akiisikia kwenye gari, hata mara moja, hata kwa sauti ya chini, gari linasimama, na redio inaita msaada. Baba Penina mwacheni na vitunguu vyake mpaka haya yaishe, kisha mwambieni lugha ni tatu na nusu.

Nimalizie na wewe. Barua yako umeianza kwa kuniambia kwamba wewe ni mzima kabisa wa afya. Nimefika mwisho nimekuta mtu ambaye chakula hakipiti kwa siku nne. Unaona, mama? Na wewe umenijibu bien.

Kwa hiyo nakuuliza upya: komo esta, Mama Penina? Mimi usinijibu. Nenda uani, kamjibu Penina, leo.