Nilisimama Nje Gati Akitokwa Damu

Mpendwa mshauri, naomba msaada, nimebeba jambo ambalo hata mke wangu sijamwambia. Mimi ni muuguzi, mwanaume, kwenye zahanati moja jirani na Bunda, na wajawazito walikuwaga wanahudumiwa na mwenzangu Penina, lakini mwezi wa tatu alikwenda Musoma kufuata dawa akakwama siku tatu kwa shida ya mafuta ya gari, ndipo akaletwa Gati, amejifungulia njiani, mtoto mzima, ila kondo la nyuma limegoma kutoka na damu inamwagika, nikachukua glovu, mama mkwe wake akaziba mlango akasema, "Mwanaume hamshiki mke wa mwanangu," nami nikatii, mshauri, nikakaa nje nusu saa nasikia anazidi kunyamaza, mpaka Gati mwenyewe akasema kwa sauti ndogo, "Mama, mimi ndo nakufa. Muuguzi, ingia." Nikaingia, kondo likatoka, damu ikakata, wakarudi nyumbani wote wawili wazima. Sasa mumewe Magesa ametoka kambi ya wavuvi, kaambiwa na mama yake kuwa nilimshika mkewe, kamrudisha Gati kwao Butiama na kichanga chake. Niende kumwomba Magesa msamaha? Barua ya kuacha kazi nimeshaandika, sijaipeleka.

Keraryo, Bunda, 1984

Ndugu Keraryo, pole kwa yaliyokukuta. Ila kwa ile nusu saa sikupi pole. Ulijua damu ya uzazi haisubiri, ukamwogopa mama mkwe wa mtu! Mgonjwa alikuwa na mdomo. Ungemuuliza yeye tangu mwanzo. Na huyo mama ungemwita ndani akae upande wa kichwa, ashuhudie kwa macho yake, leo asingekuwa na la kumpelekea mwanawe.

Msamaha wa nini kwa Magesa? Ukiuomba, umekiri uchafu ambao hukuufanya, na Gati ndiye atakayeumia. Anayestahili kuombwa radhi ni Gati, kwa kucheleweshwa.

Butiama usiende peke yako, utaongeza maneno. Mchukue Penina, mwanzie kwa Magesa, mchana, mama yake akiwepo. Penina aeleze kondo likibaki linafanya nini. Halafu wewe umwambie: "Ningebaki nje, ungerudi ukakuta kaburi." Akikaza shingo msigombane, nendeni kwa wazazi wa Gati mkaseme hayo hayo, binti yao asiishi kwao kama mwenye aibu.

Barua ya kuacha kazi ichane leo. Kesho ataletwa mwingine kwa machela, na Penina huenda hayupo.