Mwali Wangu Alivimba, Nikadhani Amenona

Mshauri wetu mpendwa, shikamoo. Naomba unisaidie. Mimi ni mama wa watoto wanne, herufi nilizipata katika darasa la ubatizo tu na sikuendelea, kwa hiyo ukikuta maneno yameparamiana uyavumilie, ni moyo unaokwenda mbio kuliko mkono. Jina langu usilitoe, kwa maana gazeti likifika huku husomwa kwa sauti baada ya ibada, na wanaokaa mbele kabisa ndio hao hao nitakaowataja.

Jambo lenyewe ni la binti yangu wa kwanza, Emilia. Yumo ndani, ni mwali, na desturi yetu Wagogo unaijua, msichana akiisha kuchezwa hukaa ndani miezi, hachungi, hachoti maji, kazi yake ni kunywa maziwa na kula ugali wenye samli, ili siku ya kutolewa atoke amenona anang'aa na watu waseme kweli kwao kuna watu. Sasa kwetu maziwa yako wapi? Ng'ombe walikwisha kwa ugonjwa wa sotoka, wachache waliobaki tukawauza kwa kodi ya Mdachi, na baba yake, Yotham, yuko huko mbele kwenye ujenzi wa reli, salamu zake huja kwa midomo ya wapita njia. Ndani mwangu kuna uwele na mlenda, na huo uwele naupima kwa mkono. Jirani yangu Lydia naye ana mwali, na zizi lao likifunguliwa asubuhi vumbi halitulii mpaka jua limepanda, basi binti yake amenenepa mpaka bangili hazitoki, na wangu yuko vile vile, shingo ndefu, miguu ya korongo.

Wanawake walipokuja kumwimbia wakaanza maneno. Mmoja akasema, "Huyu ni mwali au ni fimbo ya kuchungia?" Mwenziwe akadakia, "Mfungeni kamba, upepo wa Ugogo usije ukamwangusha huko Mtera!" Wakacheka, na Emilia naye akacheka, mshauri, akacheka pamoja nao, kisha walipotoka akajifunika kaniki mpaka kichwani. Hilo ndilo lililonitia wazimu. Halafu mashangazi wa mchumba wake, kijana anaitwa Sila, wakaniletea ujumbe kwamba kama mtoto ana ugonjwa niseme mapema, maana wao hawatoi ng'ombe kwa ajili ya mifupa.

Hapo akapita mwuza dawa, mmoja wa hao wanaofuata njia ya zamani ya misafara, anatokea upande wa Mpwapwa. Akanionyesha unga mwekundu, akasema, "Mama, dawa hii ukiipaka mti mkavu unanenepa." Nikampa jogoo na kaniki yangu mpya, nikautia ule unga katika uji wa mtoto. Mwanzoni alitapika, nikamwambia kaza moyo mwanangu, dawa ndiyo inaingia. Kisha uso ukajaa, mshauri, mashavu yakajaa, mikono, miguu, nikapiga vigelegele peke yangu uani, nikawaita mashangazi wenyewe waje waone. Wakaja, wakamshika mashavu, wakasema, "Sasa huyu ndiye mke!" Walipoondoka Emilia akaniambia, "Mama, macho hayafunguki vizuri." Nikamjibu, "Ndivyo walivyo wanene."

Mungu akamleta Sikudhani, mke wa Mrisho mwenye duka, huyu hupita vijijini kununua kuku, na yeye ni mnene hasa, mlangoni kwangu huingia ubavu. Nikamwita kwa majivuno aje amwone mwali wangu. Hakusifu. Aliketi, akauvuta mguu wa mtoto, akaubonyeza kwa kidole, akaondoa kidole, na shimo likabaki pale pale.

"Mama Emilia," akasema, "umempa nini huyu?"

"Nimempa chakula. Amenona."

"Mimi ni mnene tangu ujana wangu, naujua unene kama ninavyoijua nyumba yangu. Unene ukiubonyeza unarudi. Haya ni maji. Mtoto anakufa na wewe unapiga vigelegele!"

Nikamwonyesha ule unga mwekundu. Nikaacha dawa siku ile ile, Sikudhani akakaa nasi, kuku wake wakilala kwenye matenga uani, tukampa mtoto maji na uji mwepesi na kuomba, kila mtu kwa dini yake. Kwa muda hakukojoa ila matone. Kisha asubuhi moja akakojoa, akakojoa tena, nikawa nacheka huku nalia, hata majirani wakauliza ni habari gani njema. Siku hadi siku maji yakashuka, macho yakafunguka, akaomba karanga za kukaanga, akazila akaomba tena. Sasa mwanangu ni mzima, mshauri, anaimba ndani humo, nami usiku nalala. Namshukuru Mungu mpaka maneno yananiishia.

Ila amerudi kuwa mwembamba, na siku ya kutolewa ni karibu, mara tu uwele ukiisha kuvunwa. Mashangazi walishatangaza kila boma kwamba mke wao amenona. Wifi yangu Anyesi ananiambia, "Dawa si ilibaki? Mpe siku ile tu, ajae uso, akiisha kuondoka na ng'ombe wakiisha kuingia, basi. Siku moja haiui." Nami nimeikataa kwa mdomo, lakini sijaitupa, imo darini. Jana nikamwuliza Emilia mwenyewe unasemaje. Akanitazama, akasema, "Mama, ukinipa nitakunywa."

Nifanye nini, mshauri? Wasipompokea, nani tena atamtaka? Nijibu upesi.

Mama wa Mwali, Ugogo

*

Mshauri anajibu

Mama wa Mwali, majina yote nimeyageuza, kaa kwa amani kanisani na wewe ushangae kama wengine. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza kwa hofu na ya pili kwa furaha, kwa sababu mtoto anayeomba karanga ni mtoto aliyerudi.

Sasa inuka. Kabla msomaji hajafika mwisho wa majibu haya uwe umeamua: ukifika nyumbani panda darini, itoe dawa hiyo, ichimbie shimo refu mbali na kuku na mbuzi, uifukie. Usimwachie Anyesi akutunzie. Siku moja haiui, anasema? Yeye ainywe kwanza, tumwangalie.

Nitakukaripia kidogo kwa kuwa umestahili. Mtoto alitapika, ukamwambia akaze moyo. Alisema macho hayafunguki, ukamwambia ndivyo walivyo wanene. Uliyaamini macho ya mashangazi kuliko kinywa cha mtoto uliyemzaa. Nakuelewa, mama, kicheko cha watu huwafanya wazazi viziwi, nami nimeona wenye elimu kukuzidi wakiziba masikio vile vile. Lakini usirudie.

Na hilo la jirani yako. Binti wa Lydia hakunenepa kwa sababu ana tabia njema, wala wako hakukonda kwa sababu ana laana. Yule ana maziwa na huyu hana. Sotoka haikuuliza nani mlezi mwema, wala mtoza kodi hakuuliza. Ng'ombe waliokufa zizini mwako usiwahesabu katika mbavu za mtoto wako. Na hao waliomwita fimbo, wengine wao wanashindia mlenda kama wewe. Wakimcheka yeye wanapata kusahau matumbo yao.

La kufanya ni hili. Usingoje siku ya kutolewa. Chukua mtu mzima wa upande wa mume wako mwenye haya na adabu, siyo Anyesi, mwende kwa mama mzazi wa Sila. Mashangazi muwaruke. Mwambie wazi: mtoto aliugua kwa dawa, amepona, ni mwembamba na ni mzima. Kisha mwombe akukoze ng'ombe. Mnayo desturi hiyo Wagogo, nami nashangaa umesahau: mwenye wengi humkabidhi asiye naye ng'ombe amtunze na anywe maziwa, na ng'ombe akabaki wa mwenyewe. Si kuombaomba. Wenye ng'ombe wengi wanataka kuwatawanya, ili ugonjwa ukiingia zizi moja usimalize wote. Nao wanahitaji zizi lako kama wewe unavyohitaji kibuyu chao. Maziwa yakipatikana wanywe watoto wote wanne, siyo mwali peke yake, kwa maana hao wadogo nao wana mifupa.

Akikataa? Akikataa mama wa Sila, akasema anataka mashavu, basi shukuru umelijua jambo hilo mapema. Ng'ombe wa mahari hurudi walikotoka kwa njia ile ile waliyojia. Mtoto akishazikwa harudi. Lakini nadhani hatakataa. Mwanamke aliyezaa mwana anajua kwamba mjukuu habebwi na mashavu.

Limebaki moja, nalo ndilo lililonizuia kulala. Binti yako amekwambia ukimpa atakunywa. Mama, mtoto huyo amefundishwa heshima mpaka imekuwa hatari kwake. Leo anaishi kwako, kesho atakuwa katika boma la watu, nao watampa vya kwao. Kwa hiyo leo jioni ingia ndani, kaa naye mkekani, mpe karanga, umwambie umekosa. Kisha mwambie aseme mbele yako kwa sauti, "Mama, sinywi." Akisema kwa woga, mwambie aseme tena. Usitoke mle ndani mpaka amelisema akikutazama usoni.