Elikana Masingisa, Mpiga Besi Aliyechomeka Waya

Mwaka umetimia, Elikana, tangu Alhamisi ile ya masika ulipotutoka hapa nyumbani kwako Mikumi, chai yako ya rangi ikiwa bado ya moto mezani.

Waliosikia msiba walituuliza, "Elikana yupi?" Tukawajibu, yule mpiga besi. "Wa bendi gani?" Hapo tulikwama. Miaka kumi na tisa ulipiga kwenye bendi zisizo na jina, zile zinazokaa nyuma ya mtangazaji kwenye studio za televisheni za Dar na kumpigia kila mwimbaji anayealikwa. Kipindi cha asubuhi, kipindi cha Jumamosi, mashindano ya vipaji. Nchi nzima ilikusikia na haikukujua.

Ulianzia kwaya ya kanisani Berega, na gita lililobakiwa na nyuzi tatu. Ulikuwa mtu wa taratibu. Ijumaa ulikata kucha. Shati ulilipiga pasi hata siku uliyojua kamera haitakufikia. Na mwimbaji mgeni akipotea njia kwa woga, hukumwacha aaibike. Ulimfuata hukohuko alikopotelea, ukamrudisha polepole, na watu nyumbani wakadhani ndivyo wimbo ulivyotungwa.

Mama yako, Bibi Rebeka, kila Jumamosi alikwenda kwa jirani yake Magreti, kule Kilosa mjini, kukutazama. Kamera ilimwonyesha kiwiko, na siku ya bahati shingo ya gita. Kesho yake ukimpigia simu, "Shikamoo mama," naye anakujibu, "Marahaba, mwanangu. Jana nimekiona kiwiko chako. Umekonda." Wakati ule tulicheka sana. Siku hizi akisimulia hayo anageuza uso ukutani.

Kisha ikaja kompyuta. Mkurugenzi wa kipindi, Ashrafu, aliwakusanya akawaambia muziki wote utakuwa umerekodiwa, ila bendi ibaki kwa ajili ya picha. Akaagiza magita yasichomekwe waya. Wewe ulimuuliza, "Sasa sisi tunafanya nini pale?" Akakujibu, "Mzee Elikana, wewe simama tu, upendeze."

Ukasimama. Misimu miwili ulisimama, ukigusa nyuzi zisizotoa sauti, kwa kuwa binti yako Grace alikuwa anasoma na hukutaka aache. Ila mke wako Devota alijua usilomwambia mtu mwingine: kila ukifika studio ulichomeka waya wako kimyakimya, ukapunguza sauti hadi mwisho. Alipokuuliza kwa nini, ulisema, "Gita lisilo na waya ni ubao, mama Grace. Siwezi kusimama mbele za watu nimeshika ubao."

Ile fainali ya vipaji ilikwenda hewani moja kwa moja. Alikuwa anaimba binti mmoja anaitwa Letisia, katikati ya ubeti wa pili, kompyuta ikazimika. Kimya. Binti akafumba macho, sauti yake ikaendelea peke yake, inatetemeka, inaelekea kukatika. Ndipo besi ikaingia. Uliinyanyua sauti kwa kidole kimoja ukamkamata kabla hajaanguka. Abubakari wa drams akakufuata. Mkaenda naye wawili tu mpaka mwisho wa wimbo, na ukumbi mzima ukasimama. Kule Kilosa, kwa Magreti, Bibi Rebeka alisimama pia. "Huyo ni mwanangu," alisema. Kwenye skrini alikuwa Letisia.

Letisia akashinda. Jumatatu wewe ukaitwa ofisini.

Abubakari, aliyekuwa anakusubiri mlangoni, alitusimulia kila neno baadaye, wewe ukiwa umelazwa mgonjwa na huwezi kumkataza. Ashrafu alikuuliza, "Nani alikuruhusu kuchomeka waya?"

"Binti alikuwa anazama, bwana."

"Sikuuliza hilo. Nimeuliza nani alikuruhusu."

Ukamwambia hakuna. Akasema basi, kazi imekwisha. Miaka kumi na tisa ikaishia kwenye sentensi hiyo. Ulitoka na gita mgongoni, ukamsalimia mlinzi kama kawaida, ukapanda basi la kupitia Morogoro, ukaja moja kwa moja hadi Mikumi.

Na sisi tulikupokeaje? Kaka yako Alfred alisema labda sasa utatafuta kazi ya kueleweka. Devota, kwa uchungu wa ada ya Grace, alikuambia, "Ungenyamaza tu, tungekuwa bado na kazi." Ulichukua jembe ukaenda shambani. Neno hilo linamla mpaka leo, na ni yeye aliyeomba liandikwe hapa, watu walisome.

Baadaye tulimsikia Letisia redioni. Alikuwa keshakuwa mtu mkubwa. Mtangazaji alimuuliza siku ile aliwezaje kumaliza wimbo, naye akasema mitambo ilirudi yenyewe, ni Mungu tu. Grace aliizima redio kwa hasira. Wewe ukasema, "Mwacheni. Alikuwa amefumba macho, hakuona." Wewe ulimsamehe. Sisi bado.

Kiharusi kilikuja kikachagua mkono wa kushoto, ule wa kubana nyuzi. Miezi saba ulikuwa unavinyoosha vidole vyake kimoja kimoja kwa mkono wa kulia, kwa upole, kama unayemfundisha mtoto. Havikurudi. Kiharusi cha pili hakikukupa hata nafasi ya kumaliza chai.

Hukuagwa na televisheni yoyote. Abubakari peke yake alikuja kutoka Dar, akashika jembe la kaburini kama ndugu.

Sasa lipo jambo ambalo hukuliona, na tunataka ulijue. Mwezi wa nane walikuja watu watatu na gari lenye nembo ya televisheni. Kipindi kinatimiza miaka ishirini, walisema, na wamesikia kuna gita la besi la zamani; wanaliomba likawekwe kwenye kabati la kioo, pale mapokezi. Walisalimia vizuri, shikamoo mama, wakakaribishwa viti.

Devota akawauliza, "Mnataka gita la nani?"

Yule dada aliyeshika karatasi akasoma, "La mpiga besi."

"Mpiga besi nani?"

Wakatazamana. Mmoja akatoka nje, akasogea hadi barabarani kutafuta mtandao, akapiga simu Dar. Tulimwona anatikisa kichwa, anasikiliza, anatikisa tena. Akarudi anatabasamu. "Mama, wamesema anaitwa Elisha."

Devota akasimama, akachukua vikombe vyao, na chai ilikuwa haijaisha.

"Basi nendeni mkamwombe Elisha," akasema, akafunga mlango.

Unakumbukwa na mama yako Bibi Rebeka, Kilosa. Mke wako Devota na binti yako Grace, Mikumi. Kaka yako Alfred, anayekuomba radhi. Rafiki yako Abubakari. Wanakwaya wenzako wa Berega. Na jirani Magreti.

Pumzika, Elikana. Sisi wako hatutakusahau.