Tundu Kwenye Boneti

Miyuji, Dodoma
2 Oktoba 2024

Baba, shikamoo.

Habari za Haubi, na macho ya Mama yanaendeleaje? Huku tu wazima, jua tu ndilo linatukaanga. Nimekwenda hospitali kumwandikisha Mama. Wanasema mtoto wa jicho akizidi kucheleweshwa, macho yatakuja kuzima kabisa, kwa hiyo wamempangia mapema mwezi ujao. Nitamfuata na Landrova tuliyouziwa na parokia, maana najua kwenye bodaboda hapandi na kushuka mlima kwa miguu hawezi tena.

Shida ni gari lenyewe. Nikilipandisha mlima wa kwetu linachemka na kuishiwa nguvu. Tumsifu, fundi jirani yangu, anasema injini inavuta hewa ya moto iliyopikwa humo humo ndani, inataka hewa safi kutoka juu. Nina wazo langu, ila sikuambii, kwa sababu najua ulivyoipenda boneti ile tangu ukiwa dereva wa parokia. Uliifuta vumbi kuliko ulivyotufuta sisi kamasi.

Mwanao,
Ludovick


Haubi, Kondoa
11 Oktoba 2024

Mwanangu, marahaba.

Tunamshukuru Mungu tunaamka. Mama yako juzi amemimina maziwa pembeni ya kikombe, akajifanya amemwagia paka. Paka mwenyewe alikufa mwaka jana.

Mambo ya gari tuyaache kwanza. Bashiri, yule kondakta anayetubebea barua, alinikuta Kondoa sokoni akanipigia kelele mbele za watu: "Mzee Damas, Ludo katoboa! Nimeona kwa macho yangu." Nikacheka na waliocheka, lakini moyo wangu ulikataa. Siandiki mengi, maana barua hii inapita mikononi mwake na bahasha za siku hizi hazina siri. Wewe unajua ninachouliza. Je, ni kweli umetoboa? Ulitoboa na nani, na kwa njia gani? Na mbona baba yako aambiwe na kondakta? Lisemwalo lipo, na kama halipo laja.

Nijibu bila kona.

Baba yako,
Damas


Miyuji, Dodoma
16 Oktoba 2024

Baba, shikamoo.

Nawaombea afya wote wawili. Mimi sijambo, isipokuwa barua yako imenikosesha raha. Mdomo wa Bashiri hauna mlango.

Ndiyo, Baba, nimetoboa. Sikutaka usikie kwa mtu. Nilianza kidogo kidogo, kisha nikaona inawezekana nikaendelea. Njia alinionyesha Tumsifu. Vitu vingine tulivitoa kwenye gari lililopinduka barabara ya Singida. Mwenyewe hakuwa na haja navyo tena, na hakuna aliyetuuliza. Najua ungenikataza, ndiyo maana sikuomba ruhusa. Kwa sasa limeshakuwa, halizibiki. Watu wananisimamisha barabarani kunitazama, hata madereva wa waheshimiwa wameanza kuulizia siri yangu.

Usikasirike sana. Nimefanya kwa ajili ya Mama.

Mwanao,
Ludovick


Haubi, Kondoa
23 Oktoba 2024

Ludovick,

Salamu zako zimefika. Afya yangu usiiulize.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mama yako sikumsomea yote. Umekiri kwa mkono wako mwenyewe. Mtu kapinduka na gari lake, ninyi mnamvua mali, halafu unaniandikia kwamba hakuna aliyewauliza. Na huyo Tumsifu nilimtilia shaka tangu ulipoanza kumtaja taja. Miaka yote niliyoendesha gari la parokia sikuwahi kuchukua hata kitambaa cha kufutia kioo. Unasema umefanya kwa ajili ya mama yako. Usimsingizie mama yako.

Usije kumchukua. Hapandi gari linalotiwa mafuta kwa fedha ya namna hiyo. Yeye anasema nina haraka ya kuhukumu, anataka kwenda, na amekwisha kufua kitenge cha safari. Nimemwambia heri giza kuliko kuona kwa nuru ya wizi. Tangu hapo hasemi nami.

Umeniumiza, mwanangu. Nilikuwa najisifu kwa ajili yako.

Ni mimi baba yako, kama bado unanihesabu


Haubi, Kondoa
5 Novemba 2024

Mwanangu Ludovick,

Natumaini mlifika salama, na kwamba gari halikuchemka.

Jana ulipopiga hodi nilikuwa chumbani. Nilikusikia, sikuitika. Nilisema moyoni, kijana huyu nimemkataza na bado amekuja, ana kiburi cha pesa. Nikachungulia dirishani nione utajiri wenyewe. Nikakuona na shati lile lile la Pasaka ya mwaka juzi, kola imekatika.

Mama yako alikuwa anapapasa boneti akitafuta mlango. Mkono ukafika kwenye nundu ya bati uliyoiongeza juu yake, ukaingia ndani. Akakuuliza ni kitu gani. Nawe ukamjibu, "Ndipo nilipotoboa, Mama. Ndilo tundu lililomkasirisha Baba."

Mama yako alicheka mpaka akashika taa ya gari. Akaniita: "Baba Ludo, njoo uone mwanao alivyotoboa!" Aliniita tena na tena. Nilikuwa nimeshafika nyuma ya mlango, nimeshika komeo. Nilishaelewa kila kitu, kwamba ulitoboa bati na si maisha, na wavu na bomba la hewa mlivyovitoa kwenye lile gari lililopinduka nilikuwa nimeviona kwa macho yangu. Nilichokuwa nimekosa ni miguu ya kutokea. Mtu mzima nimeona aibu, nikaacha mkaondoka bila kuwapa mkono.

Mdomo wa ile nundu umeuelekeza kwenye kioo, si mbele. Sawa, hewa inajaa pale na vumbi la gari la mbele haliingii moja kwa moja. Lakini ukikuta mvua, uzibe.

Nyumba imekuwa kubwa. Nimepika ugali wa watu wawili bila kufikiri. Nina hofu na ile operesheni kuliko ninavyoonyesha. Halafu kuna jambo linanisumbua: watakapomfungua kitambaa, uso wa kwanza atakaouona hautakuwa wangu, na hilo nimejitakia mwenyewe. Usimwambie kwamba nimeandika hivi.

Baba yako,
Damas


Miyuji, Dodoma
7 Novemba 2024

Baba, shikamoo.

Barua yako nimeipata nikiwa hospitali. Mama hajambo, operesheni imekwenda vizuri.

Asubuhi hii wamemfungua jicho la kulia. Alinitazama, akasema nimekonda. Akamtazama nesi, akamsifia nywele. Kisha akageukia mlango akauliza, "Baba yako yuko wapi?"

Nikamwambia yuko njiani. Tangu hapo amejifunga kile kitenge cha safari, hataki kulala, anatazama mlangoni.

Basi la Bashiri linalokuletea barua hii linarudi huku kesho asubuhi. Nakuomba, Baba, usinifanye mwongo.

Mwanao,
Ludovick