Mchumba Wangu Ukutani kwa Baba

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Sisi wazima, na paka amezaa kabatini.

Unamjua kaka yako na picha zake ukutani za watu maarufu wenye jina la ukoo wetu. Kila mgeni lazima asimuliwe siri zao: bondia anaogopa kuku, jaji hajui kupiga mluzi. Jumapili nilimleta mchumba wangu, daktari wa meno. Baba akamuuliza jina la ukoo. Akalitaja, nalo ni hilohilo letu. Baba akamkumbatia mpaka miwani ikaanguka. "Mwanangu! Karibu nyumbani!" Posa ikafia hapohapo.

Undugu hakuna, Shangazi, njoo umwambie. Picha tayari imebandikwa, na wageni wanaambiwa: "Wengi hawajui, huyu nusura amuoe dada yake."

Ni mimi mwanao,
Dada wa mchumba wangu